Kasoro Zinyamazazo: Ukaguzi wa Kurasa za Mwongozo wa Kompyuta

Chukulia kwamba mwanafunzi ana mafaili mia moja ya maandishi katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, na anataka kufuta baadhi yake. Kwa kuwa ni mwangalifu, anafungua kwanza ukurasa wa mwongozo wa programu fulani aliyoipakia, na humo anakuta mfano wa namna ya kufuta mafaili kwa usalama. Mfano huo unatumia amri iitwayo rm pamoja na chaguo liandikwalo kwa kistari na herufi i, chaguo ambalo huilazimisha kompyuta kuuliza kabla ya kufuta kila faili. Mwanafunzi hataki kukosea. Haandiki amri hiyo kwa mkono wake, bali anainakili kutoka katika ukurasa kama ilivyo:

rm ‐i *.txt

Anabonyeza kitufe cha kuingizia amri. Kompyuta inalalamika kwamba hakuna faili liitwalo ‐i, kisha, pasipo kuuliza lolote, inayafuta mafaili yote mia moja.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila hatua yake yaweza kutokea leo katika kompyuta ya kawaida. Kosa halikuwa la mwanafunzi, wala halikuwa la amri ya rm. Lilikuwa katika ukurasa wa mwongozo: aliyeuandika alisahau kutia alama moja mbele ya kistari. Kasoro za aina hii huitwa kasoro za umbo, kwa sababu hazihusu ukweli wa maelezo bali namna yalivyopangwa ili yaonekane. Jina hilo ni la upole mno. Kama ionekanavyo katika kisa hiki, kasoro ya umbo yaweza kugeuza maana ya agizo zima, na aghalabu hufanya hivyo kimyakimya.

Vistari viwili vifananavyo

Mashine za taipu za zamani zilikuwa na kitufe kimoja tu cha kistari. Kilitumika kuunganisha maneno, kukata neno mwishoni mwa mstari, na pia kuonyesha kutoa katika hesabu. Marekani ilipopitisha mwaka 1963 orodha ya namba za alama za kompyuta, ijulikanayo kama ASCII, desturi hiyo ya taipu ilifuatwa: kistari kilipewa namba 45, kikaachiwa kazi zote kwa pamoja.

Wapiga chapa, kwa upande wao, hawakuwahi kuridhika na hali hiyo. Katika kitabu kilichochapwa vizuri kistari cha kuunganishia maneno ni kifupi, na alama ya kutoa ni ndefu zaidi na hukaa sawia na alama ya kujumlisha. Mpango wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, uliwapa wapiga chapa haki yao. Namba 45 ilibaki na alama ile ya zamani yenye kazi mbili; kistari halisi kikapewa namba 8208, na alama halisi ya kutoa namba 8722. Katika maandishi ya kiwambo, alama ya kwanza na ya pili hufanana kiasi kwamba hata jicho lililozoea hukosea.

Lakini kompyuta haina jicho. Programu zipokeazo amri zimeandikwa kutambua namba 45 peke yake kuwa mwanzo wa chaguo. Kistari halisi kikihifadhiwa kwa utaratibu wa kawaida wa siku hizi huwa baiti tatu, yaani 226, 128 na 144. Amri ya rm ilipolitazama neno la kwanza aliloandika mwanafunzi, ilikuta 226 badala ya 45, ikahitimisha kwamba hilo ni jina la faili. Faili hilo halikuwapo. Basi ikatoa lalamiko lake, ikaendelea na majina yaliyofuata kama kanuni yake inavyotaka. Hakuna aliyekuwa ameiambia iulize, kwa hiyo haikuuliza.

Swali lililobaki ni hili: kistari hicho kigeni kiliingiaje katika ukurasa, ilhali mwandishi wake alibonyeza kitufe kilekile abonyezacho kila mtu? Jibu linaanzia katika miaka ya sitini.

Nukta ya mwaka 1964

Ukurasa wa mwongozo hauandikwi kama unavyoonekana. Mwandishi huandaa andiko la asili ambamo maneno yamechanganyika na maagizo, na programu ya kupangilia huyasoma yote, ikayatii maagizo na kuyapanga maneno. Utaratibu huu ulitokana na programu iitwayo RUNOFF, iliyoandikwa mwaka 1964 na Jerome Saltzer katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani. Saltzer alihitaji njia ya kutenganisha maneno na maagizo, akachagua iliyo rahisi kabisa: mstari wowote unaoanza kwa nukta ni agizo, mstari mwingine wowote ni maandishi. Ulikuwa uchaguzi wa busara. Hakuna sentensi ya Kiingereza ianzayo kwa nukta, wala ya Kiswahili, wala ya lugha nyingine iandikwayo kwa herufi hizi.

Kutoka hapo wazo hilo lilihamia maabara ya kampuni ya Bell katika jimbo la New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakitengeneza mfumo wa Unix. Programu yao ya kupangilia iliitwa roff. Haikuwa jambo la pembeni: kompyuta mpya, aina ya PDP-11, ilinunuliwa kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandalia maandishi, na katika nusu ya pili ya mwaka 1971 wapiga taipu watatu wa idara ya hataza waliitumia kutwa kuandika maombi ya hataza, huku wataalamu wakiendelea na kazi zao katika mashine hiyohiyo. Mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya nusu megabaiti. Picha moja ipigwayo kwa simu ya leo aghalabu isingeenea humo. Katika ufinyu kama huo kila herufi ilikuwa na bei, na ndiyo maana maagizo ya programu hizi ni ya herufi mbili tu.

Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix kina tarehe 3 Novemba 1971. Muundo wake ungali hai: kila ukurasa una jina la amri na maelezo mafupi, namna ya kuiandika, ufafanuzi, mafaili yahusikayo, na sehemu ya kukiri kasoro za programu yenyewe. Sehemu hii ya mwisho ni ya kupendeza. Si watengenezaji wengi wa vyombo wanaochapa udhaifu wa chombo chao katika kitabu cha maelekezo.

Mwaka 1973 Joseph Ossanna wa maabara hiyo aliandika programu iitwayo troff kwa ajili ya mashine ya kupanga chapa kwa mwanga. Mashine hiyo, tofauti na taipu, ilikuwa na alama zote za wapiga chapa. Ossanna akalazimika kuamua kitufe cha kistari kitoe alama ipi. Kwa kuwa maandishi mengi yana vistari vya kuunganishia maneno kuliko alama za kutoa, alikifanya kistari cha kawaida kiwe kistari halisi, na anayetaka alama ya kutoa akatakiwa kutanguliza mkwaju uliolalia nyuma, hivi: \-

Ossanna alifariki mwaka 1977, na kazi yake ikaendelezwa na Brian Kernighan. Katika toleo la saba la Unix, mwaka 1979, Douglas McIlroy alitoa makro za kurasa za mwongozo, yaani maagizo makubwa yaliyoundwa kwa maagizo madogo: .TH kwa kichwa cha ukurasa, .SH kwa kichwa cha sehemu, .B kwa herufi nzito. Mwaka 1990 James Clark alitoa groff, programu huria itendayo kazi ya troff, na hiyo ndiyo ipangiliayo kurasa za mwongozo katika kompyuta nyingi za Linux hadi leo. Uamuzi wa Ossanna kuhusu kistari umo ndani yake. Mtu aandikaye ukurasa wa mwongozo akiandika -i hupata kistari cha kuunganishia maneno. Akiandika \-i hupata alama ambayo makro za mwongozo huitoa kiwamboni kama namba 45, iliyo salama kunakiliwa.

Sentensi itowekayo

Kasoro ya kistari ndiyo inayosemwa zaidi, lakini iko nyingine mbaya kuliko hiyo, nayo imezaliwa na nukta ya Saltzer.

Mwaka 1964 hakuna aliyekuwa na sababu ya kuanza neno kwa nukta. Miaka michache baadaye sababu ikapatikana kwa bahati mbaya. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara ya Bell, ameeleza kwamba programu ya Unix ya kuorodhesha mafaili ilitakiwa kuficha majina mawili maalumu, moja la nukta moja na jingine la nukta mbili. Aliyeiandika akapitia njia ya mkato: akaiagiza ifiche jina lolote lenye nukta mwanzoni. Mara watu wakagundua kwamba wanaweza kuficha mafaili yao ya mipangilio kwa kuyapa majina kama .profile. Desturi hiyo imeenea mno. Sasa miongozo imejaa majina yaanzayo kwa nukta, na programu ya kupangilia ingali ikiamini kwamba nukta mwanzoni mwa mstari ni agizo.

Mfano ufuatao utaonyesha hatari yake. Mwandishi ameandika katika andiko la asili:

Programu hii hufuta mafaili yote
.bak yaliyomo katika saraka.
Fanya nakala kabla ya kuitumia.

Msomaji atakachokiona kiwamboni ni hiki:

Programu hii hufuta mafaili yote Fanya nakala kabla ya kuitumia.

Mstari wa pili wote umetoweka. Programu ya kupangilia iliona nukta, ikatafuta agizo liitwalo bak, isilione, ikaupuuza mstari mzima pamoja na maneno yote yaliyomo, nayo haikusema neno. Sentensi iliyobaki imekosa kituo, jambo ambalo msomaji makini huenda akalistukia. Laiti mstari uliotangulia ungekuwa na kituo chake, asingestukia chochote. Tena pasingekuwa na njia ya kustukia, kwa kuwa kilichopotea hakiachi pengo: maneno yaliyofuata yamesogezwa kujaza nafasi. Hapa ndipo kasoro hii inapotofautiana na kosa la tahajia. Kosa la tahajia liko mbele ya macho ya msomaji. Mstari uliotoweka anaujua aliyeuandika peke yake, naye hausomi tena mwongozo wake.

Ritifaa mwanzoni mwa mstari ina matokeo yaleyale, kwani nayo ni alama ya agizo. Waandishi wanaopenda kuzungushia maneno ritifaa badala ya alama za mtajo wamepoteza mistari mingi kwa njia hiyo. Dawa ya zote mbili ni alama \& mbele ya nukta au ritifaa. Alama hiyo haichapwi wala haina upana wowote. Kazi yake ni kukaa mwanzoni ili nukta isiwe ya kwanza.

Mkwaju wenyewe una mitego yake. Kwa kuwa ndio unaoanzisha maagizo yaliyo katikati ya maandishi, hauwezi kuandikwa ovyo. Mwalimu wa lugha ya C akitaka kuonyesha katika ukurasa wa mwongozo agizo

printf("Habari\n");

naye akaliandika hivyohivyo, kiwambo kitatoa

printf("Habari0);

Sifuri hiyo haikutoka hewani. Katika lugha ya kupangilia, \n maana yake ni kuchapa thamani ya rejista ambayo jina lake ni alama inayofuata. Alama iliyofuata ilikuwa funga mtajo. Rejista yenye jina hilo haipo. Na rejista isiyokuwapo huhesabiwa kuwa sifuri. Mkwaju wa kuonekana huandikwa \e au \(rs. Kosa hili ni la kawaida hasa katika kurasa zilizoandikwa na waandishi stadi wa programu, ambao vidole vyao vimeizoea \n kwa maana nyingine.

Kuifanya mashine iseme

Kwa kuwa kasoro mbaya ni zile zinyamazazo, kazi ya kwanza ya mkaguzi si kuusoma ukurasa bali kuilazimisha programu ya kupangilia itamke kila inachokipuuza. Groff ina maonyo ya aina nyingi, na mengi huwa yamezimwa. Huwashwa kwa chaguo \-w, au tuseme -w, kwa kuwa hapa mkwaju hauhitajiki.

Mkaguzi asiyezoea hukumbana na mtego hapa. Ziko namna mbili za kuomba maonyo yote. Ya kwanza ni -wall, ambayo kwa Kiingereza husomeka kana kwamba yaomba yote; ya pili ni -ww. Kwa hakika ile ya kwanza huacha aina tatu za maonyo: linalohusu makro zisizojulikana, linalohusu rejista zisizojulikana, na linalohusu maandishi yaliyoelekezwa kando kwa muda. Mbili kati ya hizo ndizo hasa zinazofichua mstari uliotoweka na sifuri isiyo na asili. Anayetumia -wall akaona kimya atadhani ukurasa ni safi, ilhali amekagua kila kitu isipokuwa hatari yenyewe. Amri ifaayo kwa mkaguzi ni hii, ambapo -z huzuia ukurasa usitoke ili maonyo peke yake yaonekane:

groff -man -Tutf8 -ww -z mfano.1

Chombo cha pili ni mandoc, programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na itumikayo katika mfumo wa OpenBSD. Hiyo ilijengwa kwa nia ya kuelewa kurasa za mwongozo tu, si kila aina ya andiko. Kwa hiyo inajua ukurasa wa mwongozo unapaswa uweje. Ikiendeshwa kwa -T lint hutoa orodha ya kasoro ikizigawa kwa daraja: makosa, maonyo, na mambo ya mtindo. Makro isiyojulikana huwekwa katika daraja la makosa. Nafasi tupu iliyosahaulika mwishoni mwa mstari ni jambo la mtindo. Wasambazaji wa Debian nao wana mkaguzi wao, Lintian, ambaye kila apitapo furushi la programu huzipitisha kurasa zake katika programu ya kupangilia na kuyaripoti maonyo yake.

Vyombo hivi havitoshi. Kistari kisicho na mkwaju hakizui onyo lolote kutoka groff, kwa sababu ni kistari halali. Mashine haiwezi kujua kama mwandishi alikusudia kuunganisha maneno au kuandika chaguo. Hapo hutumika programu za kutafutia maandishi, zikiagizwa kuonyesha kila neno lianzalo kwa kistari kitupu, kisha binadamu anaamua mojamoja. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mstari wa jina mwanzoni mwa ukurasa, ambao huandikwa kwa jina la amri, kisha \- , kisha maelezo mafupi. Programu ziandaazo faharasa huutafuta mstari huo, na zisipoukuta kwa umbo zinalolijua huuacha ukurasa nje ya faharasa. Ukurasa kama huo waweza kuwa umeandikwa vizuri kabisa, lakini mtu atafutaye kwa mada hataupata kamwe.

Mzozo wa mwaka 2023

Kwa miaka mingi groff ilikuwa na mistari michache katika faili lake la makro iliyokigeuza kistari kitupu kuwa namba 45 kila ukurasa wa mwongozo ulipoonyeshwa katika kiwambo cha Unicode. Kinga hiyo iliwekwa ili watu waweze kunakili amri bila madhara. Katika toleo la 1.23.0, lililotoka Julai 2023, watunzaji wa groff waliiondoa. Hoja yao ilikuwa kwamba tofauti kati ya kistari na alama ya kutoa imekuwapo tangu miaka ya sabini, na kwamba mwandishi asiyeizingatia anapaswa kuuona mwenyewe uharibifu wake.

Baadhi ya wasambazaji, Debian miongoni mwao, waliirudisha kinga hiyo katika faili la mipangilio la mahali. Walisema kwamba atakayeumia si mwandishi bali mtumiaji, naye hana kosa. Pande zote mbili zina haki, lakini msomaji atakumbuka yule mwanafunzi na mafaili yake mia moja. Ni vigumu kumwambia kwamba amepata hasara ili mtu mwingine ajifunze. Hata hivyo kinga hiyo ina gharama. Mwandishi ajaribuye ukurasa wake katika kompyuta iliyokingwa huuona hauna dosari, akausambaza, nao ukaharibika katika kompyuta ya mtu mwingine isiyo na kinga. Kwa hiyo mkaguzi hana budi kuhesabu vistari katika andiko la asili, asitegemee kiwambo chake.

Kinga hiyohiyo ilihusu pia ritifaa, na hapa Kiswahili nacho kimo. Pasipo kinga, groff huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda ya wapiga chapa. Mtu akiandika ukurasa wa mwongozo kwa Kiswahili na kutaja neno ng'ombe, litaonekana vizuri, hata kwa kupendeza zaidi. Lakini msomaji akilitafuta kwa kuandika ritifaa ya kitufe, kompyuta itamjibu kwamba neno hilo halimo. Vifupisho vyetu pia vina nukta zao. Kifupi k.m. kikiangukia mwishoni mwa mstari katika andiko la asili, programu hudhani kwamba sentensi imekwisha, ikaweka nafasi mbili. Dawa ni ileile \&, safari hii baada ya nukta.

Ustadi wa kurekebisha

Kuona kasoro ni rahisi kuliko kuiondoa vizuri. Jambo la kwanza ni kujua andiko la asili li wapi. Kurasa nyingi za leo hazikuandikwa kwa mkono, bali zimetolewa na programu nyingine: pod2man hutafsiri maelezo ya lugha ya Perl, na help2man hutengeneza ukurasa kutokana na msaada ambao programu huutoa yenyewe. Anayesahihisha ukurasa uliotolewa hivyo anafagia majani huku mti ungali ukipukutisha. Toleo lijalo litazirudisha kasoro zote. Mahali pa kusahihisha ni katika chanzo, au katika programu iliyotafsiri, na sahihisho moja katika programu ya kutafsiri laweza kuponya kurasa za watu wengi ambao hata hawakujua kwamba wana kasoro.

Jambo la pili ni kupima. Mkaguzi mzuri huupangilia ukurasa kabla ya sahihisho na baada yake, akahifadhi matokeo yote mawili, kisha akayalinganisha kwa programu iitwayo diff. Ikiwa alikuwa akifuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari, au akianza kila sentensi kwenye mstari mpya, matokeo yasitofautiane isipokuwa pale alipotarajia. Desturi hii ya sentensi kwa mstari ni ya zamani. Kernighan aliishauri katika maelekezo yake kwa wanaoanza Unix, ya mwaka 1974. Manufaa yake ni mawili: programu huutambua mwisho wa sentensi bila shaka, na mtu akibadilisha sentensi moja, ulinganishaji huionyesha hiyo peke yake badala ya aya nzima.

Jambo la tatu ni kiasi. Orodha ya maonyo yaweza kuwa ndefu, na mkaguzi mwenye pupa hutuma masahihisho mia mbili kwa pamoja, ya hatari na ya urembo yakiwa yamechanganyika. Mtunzaji wa programu, ambaye aghalabu hufanya kazi hiyo bila malipo wakati wa jioni, huyatazama na kuyaweka kando. Makro ya .BR, kwa mfano, hupishanisha herufi nzito na za kawaida, na huhitaji walau maneno mawili. Ikipewa neno moja vyombo vya ukaguzi hulalamika, lakini msomaji wa ukurasa haoni tofauti yoyote. Kasoro hiyo yafaa isahihishwe, lakini isitangulie mstari uliotoweka. Wakaguzi wenye uzoefu hutuma kwanza kile kilichopoteza maneno, kisha kile kilichoharibu mifano, halafu vistari, na mambo ya mtindo mwishoni, kila aina peke yake ikiwa na maelezo mafupi ya sababu.

Jaribio la darasani

Shule yenye kompyuta moja ya Linux yaweza kuyaona haya yote kwa dakika chache. Wanafunzi waandike faili liitwalo mfano.1 lenye mistari sita ifuatayo:

.TH MFANO 1 2024-05-01 "Mazoezi"
.SH NAME
mfano \- ukurasa wa kujaribia
.SH MAELEZO
Programu hii hufuta mafaili yote
.bak yaliyomo katika saraka.

Kwanza waupangilie kwa amri groff -man -Tutf8 mfano.1 na kusoma kinachotokea chini ya MAELEZO. Mwanafunzi ambaye hakuliona andiko la asili aulizwe programu hiyo hufuta nini, na jibu lake liandikwe ubaoni. Kisha waiendeshe amri ya ukaguzi yenye -ww na -z. Miongoni mwa maonyo yatakayotokea, moja litautaja mstari wa 6 na neno bak. Hatimaye waongeze \& mbele ya nukta ya mstari huo, waupangilie ukurasa tena, na kumwuliza mwanafunzi yuleyule swali lilelile.